Wakili Aliyepewa Msengi

Jumatatu, 3 Machi

Maji yametoka alfajiri, yakakata kabla sijajaza pipa la pili. Vifaranga vinakufa, nadhani ni kideri tena. Sokoni mafuta ya alizeti hayatoki. Kila mtu anachovya kidole, analamba, anasema atarudi. Arudi wapi!

Jioni umeme hakuna. Hawa, mpangaji wangu wa chumba cha mbele, akaja na joho lake jeusi la uwakili limekunjamana kama limetafunwa na ng'ombe. Nikawasha pasi ya mkaa nikampigia mwenyewe. Yule mtoto angeliunguza. Ana kesi Mahakama Kuu kesho, ya kwanza kubwa tangu aapishwe. Hakusema ya nani, na mimi sikuuliza. Nina yangu kesho.

Kesho Msengi anapandishwa kizimbani. Tangu amuue mdogo wangu Elia, alizeti imevunwa mara mbili. Elia aliwatoa ng'ombe wa Msengi shambani kwetu Ulemo, basi. Akapigwa rungu la kisogo. Aliyeona ni mama, mama peke yake. Ndiyo maana nimemleta mjini akae kwangu, awe karibu na mahakama.

Hawa amemkanda mama miguu kabla ya kulala. Mama ni Kinyiramba tu, Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Hawa ni mtu wa Kondoa, Kinyiramba hajui hata neno. Wanachekeana tu.

Nataka Msengi anyongwe. Naandika hapa kwa sababu kanisani hayasemeki.

Jumanne, 4 Machi

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Wamemleta Msengi. Amepungua lakini kichwa ni kile kile. Wakasoma shtaka, kuua kwa kukusudia. Akakana. Amekana! Mama yangu alimwona mchana kweupe na yeye anakana.

Jaji akauliza nani anamwakilisha mshtakiwa. Akasimama mtu mwenye joho safi, limenyooka vizuri, halina hata mkunjo mmoja. Ni Hawa.

Hawa wangu. Ninayemwachia mboga kwenye bakuli. Ninayeamka usiku kumwangalia anapoumwa.

Aligeuka akaniona nimekaa na ndugu wa marehemu. Uso wake ukabadilika. Na mimi nilimwangalia mpaka akainamisha macho. Mama hakuwepo, mashahidi hawaruhusiwi kuingia kabla ya zamu yao. Afadhali.

Kesi itaanza kusikilizwa wiki ijayo, Jumatano. Nimerudi kwa miguu mpaka nyumbani. Sikuwa na hasira kama hii hata siku ya mazishi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kumuuliza karani wa mahakama, yule anayenunua mafuta kwangu. Hawa amempataje Msengi? Nani anamlipa? Ndugu zake Msengi hawana hata baiskeli.

Karani akanieleza taratibu kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mtu akishtakiwa kwa kosa la kunyongwa na hana uwezo, Msajili anampa wakili. Msajili ana orodha ya mawakili, anamtaja anayefuata. Wakili hachagui mshtakiwa, na mshtakiwa hachagui wakili. Serikali inalipa, tena kidogo, wengi wanakwepa. Wachanga ndio wanaochukua.

Nikamuuliza, na Elia amepewa wakili gani? Akasema Elia ana Wakili wa Serikali, yule anayeshtaki.

Nilimwona huyo jana. Ana mafaili mpaka kidevuni. Alimwita Elia "marehemu" mwanzo hadi mwisho. Nadhani jina halijui.

Kwa hiyo ni hivi: unaua mtu, unalishwa bure, unalala bure, halafu unaletewa wakili bure na joho limepigwa pasi nyumbani kwa uliyemuua. Loo! Nchi hii.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefunga bomba kwa kufuli. Nimetoa jiko lake barazani nikaliweka juani.

Hawa amekuja kupiga magoti. Kweli kapiga magoti, mtu na digrii yake. "Mama, shikamoo. Mama, nisikilize. Faili limeandikwa jina la marehemu na kijiji, mimi nakujua kwa jina la mtoto wako tu. Nisingejua." Sikuitikia shikamoo. Sijawahi kufanya hivyo kwa mtoto wa mtu, ila leo nimefanya, na koo halikuniuma.

Akasema amekwisha kumwambia Msajili anakaa nyumba gani. Msajili amesema ahame leo hii, aseme mbele ya Jaji, kama Msengi hana kinyongo kesi iendelee Jumatano. Akasema akijitoa kabisa, kesi itasogezwa mpaka kikao kingine, kwa sababu mtu wa kesi ya kunyongwa hasikilizwi bila wakili. "Na bibi ni mtu mzima, mama. Si vizuri angoje."

Eti anamwonea mama huruma! Anataka niseme haya, mtetee, karibu. Janja ya mawakili hiyo. Mimi siyo wa kudanganywa na katoto. Msengi akikosa mtu wa kumsemea atajibu nini yeye, mchunga ng'ombe asiyejua hata kuandika jina lake? Jaji atamuuliza, atababaika, imekwisha.

Namtaka peke yake pale kizimbani, kama Elia alivyokuwa peke yake pale shambani.

Jumamosi, 8 Machi

Amehamia gesti karibu na stendi. Vitu vyake vingine bado viko chumbani.

Nimewaambia wapangaji wote, nikawaambia wa sokoni, nikamwambia na muuza vocha. Yule binti mpole anamtetea muuaji wa ndugu yangu. Leo alipita kununua nyanya, akaambiwa zimekwisha, huku zimejaa kwenye meza. Nimesikia raha. Raha kabisa, siandiki uongo humu.

Mama anamuuliza. Anaonyesha miguu yake, anaonyesha mlango wa chumba cha mbele. Nikamwambia kasafiri.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimeshiriki meza ya Bwana na huku namwombea mtu kifo. Sijui kama inafaa. Nimeomba hivyo hivyo.

Katikati ya mahubiri limenijia wazo. Halikuja taratibu, limekuja zima. Hawa alikuwa anaingia chumbani kwa mama kila jioni. Mama ni shahidi. Wakili wa mshtakiwa anaingia kwa shahidi wa Jamhuri, anafunga mlango, anakaa. Nani anajua walisema nini?

Mimi najua. Hawakusema kitu. Hawana lugha.

Lakini mimi ndiye pekee ninayejua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya.

Nimevaa kitenge kizuri nikaenda kwa Msajili. Nimemwambia wakili Hawa alikuwa akiingia chumbani kwa mama jioni na kumfundisha aseme hakumwona Msengi vizuri. Nimesema nilisikia kwa masikio yangu. Akaniuliza kama niko tayari kuandika na kusaini. Nikaandika, nikasaini. Hakuniuliza walizungumza lugha gani. Wala mimi sikumwambia.

Nilipotoka nje nimekunywa soda nzima bila kupumua.

Atanikoma. Wote wawili watanikoma.

Jumatano, 12 Machi

Sijui niandikeje.

Tulifika asubuhi na mapema, mama kavaa kanga mpya, kashika fimbo yake. Nilikuwa nimemfundisha njia nzima: Jaji atakaa pale juu, Msengi utamwona pale, usimwogope. Akasema hamwogopi. Akasema amengoja siku hii mpaka usingizi umemkimbia. Tukamwacha nje kwenye benchi la mashahidi.

Hawa akasimama. Akasema kuna malalamiko dhidi yake, anayakana yote, ila hawezi kuendelea huku doa hilo likiwa juu ya kesi. Hakunitaja. Alivaa lile joho, sasa limekunjamana.

Jaji akamuuliza Msengi. Yule mshenzi akasema, "Mheshimiwa, mimi namtaka huyu huyu. Ndiye wa kwanza kuniuliza ilikuwaje."

Jaji akasema haiwezekani, tuhuma hizo ni nzito, zitaangaliwa kwingine. Akamwondoa. Nikakaa vizuri kwenye benchi. Nikasema sasa. Sasa wamwite mama.

Jaji akasema Msajili atafute wakili mwingine, na kwa kuwa kesi za kikao hiki zimejaa, shauri linaahirishwa mpaka kikao kijacho. Msengi akarudishwa mahabusu.

Nilisimama. Nimesema kwa sauti, "Asikilizwe hivyo hivyo! Mama yupo hapo nje!" Askari akaniambia mama kaa chini. Jaji hakukasirika, hilo ndilo lililonichoma. Akasema kwa upole, mama, huyu anaweza kupoteza uhai wake, sheria hairuhusu asimame peke yake.

Kumbe Hawa alisema kweli.

Nje mama alikuwa bado amekaa wima, kashika fimbo kwa mikono miwili. Nikamwambia siyo leo. Akauliza kwa Kinyiramba, ni lini basi? Nikasema karibuni. Wakili wa Serikali alipita na mafaili yake. Akaniambia kikao kijacho ni baada ya mavuno huko, labda mbele zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Hawa amekuja na bajaji kuchukua vitu vilivyobaki. Godoro, ndoo, vitabu. Amenirudishia ufunguo. Akasema shikamoo.

Sikuitikia.

Amesema jambo moja tu. Kwamba akiitwa kujieleza ataniomba niseme bibi anaongea lugha gani, hilo tu. Nikamwambia siendi popote kusema chochote. Akapanda bajaji.

Usiku nimemchukia zaidi kuliko jana. Mtu akikukosea ni rahisi. Huyu hajanikosea ndiyo maana simvumilii.

Jumapili, 22 Juni

Sijaandika siku nyingi. Nilikwenda Ulemo kuvuna. Shamba la Elia nimelivuna na vibarua, mimi sikutaka kufika pale kwenye ukingo alipouawa. Alizeti imezaa, ila bei hovyo.

Mama hakutaka kurudi Ulemo. Anasema ataitwa, asije akakosekana. Kila gari la polisi likipita anachukua fimbo.

Presha yake inapanda. Vidonge anameza akikumbuka. Nikimkemea anasema amekula vya kutosha, anabaki kwa ajili ya Jaji tu.

Karani amenipa habari: Msengi amepewa wakili mwingine. Jina lilifuata kwenye orodha. Nikauliza ni kijana? Akacheka. Ni mzee wa mvi, amefanya kesi za mauaji tangu karani hajazaliwa.

Kwa hiyo nimemfukuza kifaranga, nimeletewa mwewe. Hongera zangu.

Hawa yuko Manyoni, anaandikia watu mikataba ya viwanja. Malalamiko yangu bado yanamfuata, kesi za mahakama hapewi tena mpaka yaishe. Karani ameyasema hayo akiniangalia usoni. Nikamuuliza kama anataka mafuta au hataki.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama ameanguka.

Alikuwa anachambua maharage. Nikasikia ungo ukianguka. Nimemkuta amelala ubavu, mdomo umekwenda upande, jicho moja linanitazama lingine halipo. Hospitali wamesema kiharusi. Mkono wa kulia umekufa na mguu wake.

Hasemi. Anatoa sauti, ila siyo maneno.

Nimekaa naye tangu jana. Nimewaza mambo mengi, na la kwanza halikuwa mama apone. La kwanza lilikuwa: nani atamtaja Msengi? Naandika ili nijue mimi ni mtu wa namna gani.

Jumanne, 2 Septemba

Kikao kimefika. Wakili wa Serikali amekuja nyumbani mwenyewe, kumwona shahidi wake. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia, akamwamkia mama vizuri. Nimemheshimu kwa hilo.

Akasema mtu asiyeweza kusema anaweza kutoa ushahidi kwa ishara, kama akili inashika. Nikapata nguvu. Nikawa natafsiri.

Akauliza, bibi, ni Msengi aliyempiga Elia? Mama akatikisa kichwa, ndiyo. Nusura nipige vigelegele.

Akauliza tena, bibi, Elia yuko nje anacheza? Mama akatikisa, ndiyo.

Akangoja kidogo. Akauliza, bibi, ni mimi niliyemuua Elia? Mama akamwangalia sana yule baba wa watu. Akatikisa, ndiyo.

Alinyanyuka taratibu akavaa kofia yake. Akasema pole sana, mama. Akasema yapo maelezo aliyoyatoa mama polisi wakati ule na dole gumba lake lipo, atajaribu hayo. Akanishika bega. Akaniambia, "Mwezi wa tatu tungemmaliza. Mama yako alikuwa shahidi mzuri kuliko wote niliowahi kupata." Hakujua alikuwa ananifanya nini.

Jumatatu, 8 Septemba

Wamesimama daktari, mwenyekiti wa kitongoji aliyeukuta mwili, na askari. Wote wamesema Elia alikufa kwa kupigwa. Hakuna aliyesema na nani.

Ikafika zamu ya maelezo ya mama. Askari aliyeyaandika akasimama. Wakili mzee akainuka polepole, magoti yanamsumbua. Sauti yake ndogo mpaka tukainama kumsikia.

Bibi huyu anazungumza lugha gani? Kinyiramba, akasema askari. Wewe unakijua? Hapana, mimi ni mtu wa Mara. Maelezo haya ni ya Kiswahili, nani alitafsiri? Jirani mmoja aliyekuwepo. Ameandikwa wapi? Askari akageuza karatasi mbele, nyuma. Hajaandikwa. Yuko wapi sasa? Askari akasema alisikia yuko machimboni Sekenke, hajui shimo gani.

Wakili mzee akakaa.

Lugha gani. Swali lenyewe ndilo hilo, dogo hivyo. Mwezi wa tatu Msajili angeniuliza hilo, Hawa angekuwa na kazi yake leo. Limeulizwa upande mwingine.

Jaji ameyakataa maelezo.

Alhamisi, 11 Septemba

Hana kesi ya kujibu. Jaji amesema hivyo. Hajaulizwa hata kujitetea. Kisogo cha mdogo wangu kilipasuka na mtu aliyekipasua hajaulizwa.

Ameachiwa saa hiyo hiyo. Wakili mzee alimpa mkono, akakusanya karatasi, akaitwa kwenye kesi nyingine.

Nilimfuata Msengi nje. Hakuna ndugu yake hata mmoja aliyekuja. Amesimama pale uani na mfuko wa rambo, viatu havina kamba, anaangalia huku na huku kama hajui stendi iko wapi. Mkono wangu ulikuwa unatafuta jiwe. Wameweka pevingi uwanja mzima, hakuna hata kokoto.

Akaniona. Akajua ni mimi. Alifungua mdomo.

Nikamwambia, ukisema neno lolote nitakung'ata shingo. Nilimaanisha. Askari mmoja akacheka, akidhani ni utani wa wanawake.

Msengi akafunga mdomo, akashuka barabarani. Hakukimbia. Alivuka, akakaribia kugongwa na pikipiki, akaendelea. Ana nguvu bado. Ataoa, atanunua ng'ombe.

Serikali ilimfunga. Mimi ndiye niliyemfungulia, kwa mkono wangu na kwa saini yangu. Namchukia yeye, namchukia askari wa Mara, namchukia Jaji kwa upole wake. Nikimaliza hao wote bado kuna chuki imebaki na najua ni ya nani.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimefua mashuka ya mama. Upepo wa leo umeyakausha upesi.

Nimemkorogea uji wa mtama, mwepesi, umepoa. Nimemwinua nikamwegemeza kifuani kwangu. Tangu Alhamisi ananifuata kwa lile jicho moja kila nipitapo. Anajua nilivaa kitenge cha mahakamani.

Nimemwambia kwa Kinyiramba, mama, kafungwa. Jaji alikutaja wewe. Alisema bibi aliona kila kitu. Hatoki tena.

Aliniangalia kwa lile jicho. Kisha akafungua mdomo, ule upande unaofunguka.

Nikamlisha kijiko cha kwanza. Akameza. Nikampa kingine.